Ratili Kumi na Sita

Januarius Nkinda alimwonea wivu mtu aliyekuwa kaburini, mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakuliita jambo hilo wivu. Aliliita usahihi.

Mtu huyo alikuwa Mahona, mkulima wa pamba wa upande wa Nkoma, ambaye hakujua kusoma. Tangu azikwe, watoto watatu kijijini walikuwa wamepewa jina lake. Wa nne angekuwa wa Januarius mwenyewe. Mke wake, Generoza, alipojifungua alisema, "Tumwite Mahona, watu watafurahi." Januarius akajibu kwamba mtoto hapewi jina ili watu wafurahi, akaenda kumwandikisha kwa Padre kwa jina la Joakim. Generoza hakubishana.

"Basi ni Joakim," alisema. "Lakini majirani wameshamzoea kwa lile lingine."

Mwezi wa Juni 1959 chama cha wakulima, ambacho Januarius alikuwa karani wake, kilimaliza kujenga ghala la matofali ya kuchoma. Siku ya Jumatatu mwenyekiti, Boniventura, aliingia ofisini akakaa bila kuvua kofia.

"Karani, Jumamosi tunafungua ghala. Jina lake umeshalisikia."

"Nimelisikia."

"Inatakiwa habari ya maisha ya marehemu. Kurasa mbili, tatu. Utaisoma wewe, maana mimi nikishika karatasi mbele za watu mikono inanitetemeka kama nimeiba kuku. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kutoka Maswa. Andika ukweli mtupu."

"Ukweli mtupu," Januarius akarudia.

"Ndiyo. Na jina juu ya mlango uliandike wewe. Nani mwingine ana mwandiko kama wako?"

Boniventura aliyatamka maneno "ukweli mtupu" kama watu wanavyoyatamka, bila kuyafikiria. Januarius aliyapokea kama kibali. Kwa miaka saba alikuwa ameweka ndani ya daftari moja karatasi ndogo yenye namba, na kwa miaka saba alikuwa akisubiri mtu amwombe ukweli.

Habari yenyewe ilikuwa hivi.

Kabla ya mwaka 1952, mkulima alipeleka pamba yake kwenye kituo cha mnunuzi, gunia likatundikwa kwenye mizani ya mnunuzi, na karani wa mnunuzi akatamka namba. Mkulima hakuiona namba, na kama aliiona hakuweza kuisoma. Alipewa alichopewa akaenda. Kila mtu aliamini kwamba anaibiwa. Hakuna aliyejua anaibiwa kiasi gani wala kwa njia gani.

Januarius wakati huo alikuwa ameacha kazi ya ualimu wa shule ya misheni na kurudi shambani kwa baba yake. Alinunua mizani ya kuning'iniza, akaijaribu kwa mawe ya duka ambayo uzito wake ulijulikana, akaitundika kwenye nguzo mita hamsini kutoka lango la kituo. Aliwapimia watu magunia kabla hawajaingia, akawaandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Hakudai chochote. Alifikiri kwamba watu wakipewa namba sahihi, mengine yote yatafuata.

Watu walipokea karatasi. Walishukuru, "Wabeja, Karani," wakaikunja vizuri, kisha wakaenda kwa Mahona.

Mahona alikuwa nsumba ntale, kiongozi wa kikundi cha vijana wanaolimiana mashamba kwa zamu, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubeba. Alisimama kando ya njia, akashika gunia kwa pembe mbili, akaliinua mpaka kifuani, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, akalishusha. "Themanini na tano," alisema. Au, "Mia moja na mbili." Na watu wakashika namba hiyo.

"Mizani ya Karani ni ya chuma," kijana mmoja alisema siku moja, Januarius akisikia. "Chuma hakijawahi kulima pamba."

Wakacheka wote. Mahona naye alicheka, halafu akageuka na kumwambia Januarius, "Usiwajali, Karani. Wewe una macho, mimi nina mgongo." Alisema kwa upole. Upole huo Januarius hakumsamehe.

Alifanya jambo ambalo mtu wa namna yake angelifanya. Kwa wiki mbili aliandika pembeni, bila kumwambia mtu, namba ya mizani na namba ya Mahona kwa magunia arobaini yaleyale. Mahona alikosea kwa ratili tatu au chini ya hapo mara kumi na saba. Mara ishirini na tatu alikosea zaidi. Ilipofika saa tisa mchana, mgongo ukishachoka, alitaja uzito mkubwa kuliko ulivyo karibu kila mara. Hayo yalikuwa mambo ya kweli. Januarius aliyasoma mara nyingi, na kila alipoyasoma aliona raha ambayo hakuichunguza.

Jumamosi tarehe 19 Julai 1952, saa tisa na nusu, mzee Kwandu alifika na gunia lake moja kwenye baiskeli. Januarius alilipima: ratili tisini na nne. Akaandika, akampa Kwandu karatasi, akabaki na nakala. Kwandu akapita kwa Mahona. Mahona, aliyekuwa ameinua magunia tangu asubuhi, akaliinua akasema, "Mia moja na kumi." Kituoni karani wa mnunuzi akatamka, "Tisini."

Kwandu alikataa kuuza, akatoka na gunia lake, mkono kichwani. Mahona akamuuliza, akajibiwa, akasimama katikati ya njia.

"Mia na kumi imeingia, tisini imetoka!" alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa msafara. "Mimi leo siuzi. Gunia langu hili hapa." Akaliweka chini, akalikalia.

Mtu wa pili akakalia gunia lake, na wa tatu. Mpaka jua linashuka, njia nzima kutoka langoni hadi kisimani ilikuwa watu wameketi juu ya pamba yao. Hawakupiga kelele, hawakurusha jiwe. Mnunuzi alitoka akasema maneno ya kutisha, kisha maneno ya kubembeleza, akarudi ndani. Askari wawili walikuja, wakatafuta kosa la mtu aliyekaa juu ya mali yake mwenyewe, hawakulipata.

Januarius alikuwa na nakala mfukoni: tisini na nne. Kati ya tisini na nne na tisini kuna nne, na kwa hizo nne yeye hakuwa na maelezo. Lakini kati ya tisini na nne na mia moja na kumi kuna kumi na sita, na maelezo ya hizo alikuwa nayo. Zilitoka mgongoni mwa Mahona. Angeweza kusema. Hakusema. Habari zilifika kwamba Serikali inamleta mkaguzi wa mizani, na mawe ya shaba ya kupimia. Januarius alijiambia kwamba si kazi yake kuingilia kati, kwamba mkaguzi ndiye mwenye mamlaka. Siku tatu watu walikaa. Watu wa jirani walileta viazi vikavu na maziwa. Asubuhi ya nne mkaguzi akafika.

Aliweka mawe ya shaba kwenye mizani ya mnunuzi, jiwe baada ya jiwe, watu wote wakiangalia. Mizani ilikuwa sahihi. Alipima gunia la Kwandu: tisini na nne.

Kimya kilichofuata Januarius alikikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake. Watu walimtazama Mahona. Wengine walianza kuinuka. Januarius aliona, akasubiri, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Ndipo Mahona aliposema, "Pimeni na gunia tupu."

Mkaguzi akauliza anasema nini. Mkalimani akamfasiria. Mkaguzi akaagiza kitabu cha mnunuzi, akakifungua, akakuta kwamba kwa kila gunia zimeondolewa ratili nne kuwa uzito wa gunia lenyewe. Gunia la Kwandu likamwagwa pamba, likatundikwa tupu. Ratili mbili.

Ratili mbili kwa kila gunia, kwa kila mkulima, kwa misimu isiyohesabika. Mnunuzi alitozwa faini, na wakulima wakaruhusiwa kuweka mpimaji wao ndani ya kituo, pembeni ya mizani. Walimchagua Mahona. Kwa kuwa hakuweza kusoma namba, walimchagua na Januarius awe msaidizi wake. Kwa misimu mitatu Januarius alisimama nyuma ya bega la Mahona, akasoma namba, akamnong'oneza, na Mahona akaitangaza. Watu waliipokea kutoka kinywani mwa Mahona kana kwamba imeanzia humo.

Lakini si misimu hiyo iliyomkera zaidi. Iliyomkera ni gunia tupu. Hilo lilikuwa wazo la karani. Yeye alipima mamia ya magunia yaliyojaa, na hakuna siku aliyopima tupu hata moja.

Mwaka 1955 Mahona alifungwa miezi tisa kwa kosa la kukusanya watu bila kibali. Alikuwa amekwenda Sola kuwaeleza wakulima wa huko jinsi ya kudai mpimaji. Alirudi amekonda, na kikohozi, akafa Novemba 1957. Wakati huo kukalia gunia kulikuwa kumekuwa jambo linalojulikana nchi yote ya Usukuma. Huko Nassa, akina mama wauza samaki walikalia vikapu vyao ushuru wa soko ulipopanda, na walipoulizwa nani amewafundisha walisema, "Mahona," ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Hakuacha kitabu, hakuacha picha. Aliacha namna ya kukaa, na watu wakiwa na shida waliitumia. Januarius alikubali kwamba hili nalo ni jambo la kweli. Halikumfurahisha.

Jumanne jioni aliandika kurasa tatu. Aliandika kuzaliwa, kazi, kituo, kifungo, kifo. Katika ukurasa wa pili aliandika: "Siku hiyo Mahona alitaja ratili mia moja na kumi. Uzito halisi ulikuwa tisini na nne. Alikosea kwa ratili kumi na sita." Hakuongeza neno. Aliona kwamba sentensi hizo tatu zinatosha, na kwamba hakuna mtu mwaminifu angeweza kuzilalamikia.

Jumatano alipanda ngazi akaandika jina juu ya mlango wa ghala. Alipima nafasi kati ya herufi kwa rula, kwa sababu hakujua kufanya kazi kwa njia nyingine. Zilitoka vizuri sana. Wapita njia walisimama wakasifu: "Mahona! Mahona kabisa!" Hakuna aliyemwangalia mtu wa kwenye ngazi.

Alhamisi alikwenda kwa Milembe, mjane wa Mahona, kuhakikisha tarehe. Alimkuta uani na rundo la pamba, akichambua: safi kushoto kwake, fifi, ile yenye madoa na majani, kulia.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa heshima ya mama.

"Mwadila, Karani. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Kaa. Si hapo, hapo ni pa fifi. Au ndipo unapopapenda?"

Alikaa kwenye kigoda. Alimsomea mwaka wa kuzaliwa, akasahihishwa. Alimsomea siku ya kukamatwa, akakubaliwa. Mikono ya Milembe haikusimama. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha kila sentensi na mwenye kuijua, akamsomea zile tatu.

Mikono ikasimama.

"Kumi na sita," Milembe akasema. "Yeye alidhani ni kumi na nane."

Januarius hakuelewa mara moja. "Nani alidhani?"

"Mahona. Jumamosi ileile, jua likizama, alikuja nyumbani kula. Akaniambia, 'Milembe, nimekosea. Gunia la Kwandu nimeliinua tena sasa hivi, halifiki. Mgongo ulinidanganya.' Nikamwambia, basi nenda ukawaambie, watu wasikae bure. Akasema, 'Karani ana namba. Kesho Karani atasema, nami nitasimama niseme ni kweli, nimekosea. Mwenye kusoma akisema, haitakuwa aibu ya kila mtu. Itakuwa yangu peke yangu.'"

"Alisema hivyo?"

"Jumapili akanawa, akavaa lile shati la Krismasi, akasema, leo Karani atasema. Akarudi. Jumatatu akanawa tena, shati lilelile. Nikamwambia, shati litachakaa kwa kumsubiri mtu. Jioni hiyo nilimkuta amekaa hapo ulipo, ana gunia tupu mapajani kama mtoto mchanga, analipandisha, analishusha. Nikamuuliza, umepata wazimu? Akasema, 'Kama hawakuiba kwenye mizani, wameiba wapi?'"

Milembe akaanza tena kuchambua, taratibu.

"Na wewe hukusema," akaendelea. "Yeye alifikiri umenyamaza kwa ajili ya watu. Alisema, Karani angeweza kunivunja kwa neno moja, lakini aliona watu wameketi, akalimeza neno. Alisema una moyo mkubwa. Mpaka anakufa alisema hivyo. Mimi nilichoka kulisikia. Tena alikuonea wivu, unajua?"

"Mimi?"

"Wewe! Vile unavyotazama karatasi na karatasi inakwambia jambo. Alipotoka gerezani alijaribu kujifunza, akafika herufi ya M, akaacha. Akasema, hii ni kazi ya Karani, mimi nimeshachelewa." Akacheka kidogo. "Wanaume wawili wazima. Nilikuwa nikiwaona mmesimama kwenye mizani, mmoja nyuma ya mwenzake, nasema, hawa wakiamua siku moja kuzungumza, dunia itasimama."

Januarius alikunja karatasi. Milembe akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Alikuwa sahihi, Karani? Kuhusu moyo?"

"Wabeja, mayu," Januarius akasema. "Tarehe ziko sawa."

Akainuka akaondoka, na Milembe akaendelea kuchambua.

Njiani aliona kwamba tatizo ni rahisi, na kwamba urahisi huo ndio ubaya wake. Angeweza kuzifuta sentensi tatu. Mahona angebaki bila doa, na yeye angebaki na moyo mkubwa ambao marehemu alimwazima. Angeweza kuziacha zilivyo. Zilikuwa kweli. Lakini sasa alijua kwamba hazikuwa kweli yote. Kosa la Mahona lilidumu kuanzia saa tisa na nusu hadi jua kuzama, muda wa saa tatu hivi. Baada ya hapo Mahona alijua. Kilichodumu siku tatu ni kitu kingine, na kilikuwa cha Januarius. Mtu anayepima gunia lililojaa bila kupima tupu hajapima. Jambo hilo alikuwa amefundishwa mbele ya watu wote mwaka 1952, na hakujifunza.

Na bado, akitembea, alihisi wivu uleule, tena mkali zaidi. Hata katika kukosea Mahona alikuwa amemtangulia. Alikiri siku ileile, kwa mkewe, akiwa na njaa, bila daftari.

Ijumaa aliandika upya ukurasa wa pili.

Jumamosi watu walijaa mbele ya ghala. Bwana Shauri aliketi chini ya turubai na mkalimani wake. Milembe alikuwa mstari wa mbele, Kwandu kando yake na fimbo. Boniventura alisema maneno mafupi kwa mikono iliyofungwa nyuma, akamwita karani.

Januarius alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika ukurasa wa pili alisoma hivi:

"Siku hiyo Mahona alitaja ratili mia moja na kumi. Uzito halisi ulikuwa tisini na nne. Alikosea kwa ratili kumi na sita. Jioni hiyohiyo alitambua kosa lake, na alikuwa tayari kulikiri mara tu namba sahihi itakapotajwa. Namba sahihi ilikuwa kwa karani aliyepima gunia hilo. Kwa siku tatu, na asubuhi ya nne, karani huyo hakuitaja. Hakunyamaza kwa ajili ya watu. Alimwonea Mahona wivu, na alitaka mkaguzi amwaibishe mbele ya wote. Kwa kuwa alijua huenda mizani haina kosa, Mahona alitafuta wizi mahali pengine, akaupata kwenye gunia tupu. Karani hakuwahi kulipima gunia tupu. Karani huyo ni mimi."

Akaendelea na kifungo na kifo, akamaliza, akakunja karatasi.

Hakuna aliyepiga makofi. Boniventura alikuwa ameshusha kofia hadi kwenye macho. Bwana Shauri alimwinamia mkalimani, na mkalimani alikuwa akitafuta maneno.

Mzee Kwandu akasimama kwa msaada wa fimbo.

"Mia na kumi!" akasema. "Karani, gunia lile lilikuwa langu. Nililibeba kwenye baiskeli yenye tairi bovu kutoka shamba la chini. Lingekuwa mia na kumi ningekuwa maiti leo, na ghala lingeitwa Kwandu."

Watu wakacheka, kwanza nyuma, kisha wote.

"Tulijua," Kwandu akaendelea. "Nani hakujua? Karatasi yako nilikuwa nayo, mwanangu wa shule alinisomea Jumapili. Tisini na nne. Nikawaambia wenzangu. Wakasema, kaa, mzee, usituharibie. Tulikuwa tumechoka. Tulikuwa tunangoja mtu aseme neno, tukae. Angesema mia mbili tungekaa vilevile."

"Angesema elfu!" mtu akapaza sauti.

"Elfu, tungekaa! Hilo si habari, Karani. Umeliweka miaka mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba umelificha jambo linalojulikana na kila mtu." Kwandu akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Lakini hili la wivu, hapana. Hili hatukulijua. Hili ndilo geni. Milembe, wewe ulilijua?"

"Tangu Alhamisi," Milembe akasema. Hakucheka, wala hakuonekana na hasira. Alimtazama Januarius kama mtu aliyeuliza swali akangoja jibu siku mbili, na jibu limefika.

Kamba ikavutwa, kitambaa kikaanguka, jina likaonekana juu ya mlango, herufi zote zikiwa sawasawa. Vigelegele vikapigwa. Januarius alivisikia na akaona kwamba vinamuuma kama zamani, pale pale, bila kupungua. Alikuwa ametarajia vipungue.

Baadaye, watu wakiwa wamejaa ndani ya ghala, Boniventura alimfuata ofisini.

"Jalada linataka nakala," alisema. "Nakili upya. Mistari ile yako iondoe. Hii ni habari ya marehemu, si maungamo kwa Padre."

"Nikiiondoa, nitaondoa na ratili kumi na sita."

"Vizuri zaidi! Ondoa vyote. Tubaki na maisha ya mtu."

"Halafu gunia tupu litakuwa limetoka wapi?"

Boniventura akavuta droo ya meza. Alikuwa mkulima wa pamba tangu utoto na alijua hesabu isiyofunga akiisikia. Bila kosa, Mahona asingekuwa na sababu ya kukaa na gunia mapajani. Na bila kimya cha mtu fulani, asingepata siku tatu za kufikiri.

"Bwana Shauri ameniuliza kwa nini watu walicheka," alisema mwishowe, akitafuta muhuri kwenye droo. "Nimemwambia wanamcheka karani wao. Ameniuliza kama ni desturi." Akagonga muhuri kwenye kila ukurasa, wa pili kwa nguvu kuliko nyingine. "Unajua sasa watakukumbuka kwa lipi?"

"Najua."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, kando ya ukuta wa ghala, mtu mmoja alikuwa akiwasimulia wageni kutoka Bariadi waliochelewa, akionyesha kwa mikono jinsi karani alivyosimama na karatasi yake mfukoni, amenyamaza. Alisimulia vizuri, na wageni walikuwa wakishika mbavu. "Siku tano!" alisema. "Siku tano nzima, kwa wivu tu!"

Januarius alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akainuka, akavaa kofia, akatoka kwenda kumsahihisha.